Oili kwenye dumu la mawese

"Dada, kaa pale kivulini, dakika kumi tu." Mwanamke yeyote anayeendesha pikipiki yake mwenyewe hapa Kigoma ameshaambiwa hivyo gereji. Kivulini kuna benchi, kwenye benchi kuna wanaume wawili wanabishana Simba na Yanga, na ukikaa pale pikipiki inakupa mgongo. Unasikia spana inaanguka kwenye sakafu, unasikia mtu anaomba tambara, halafu unaitwa. Unaonyeshwa chupa tupu. Unalipa. Kwa miaka mitatu nimebadilishiwa oili kwa mtindo huo, na sikuwahi kuiona ikitoka wala ikiingia.

Aibu yenyewe ni kwamba mafuta ndiyo kazi yangu. Mimi ni bibi shamba. Wiki nzima niko kwenye mashamba ya michikichi, naongea na watu kuhusu miche ya michikichi chotara ya Tenera ya kituo cha utafiti cha Kihinga, nawaeleza kwa nini Dura, aina ya babu zao, ina kokwa nene na nyama kidogo, kwa nini chikichi likirundikwa siku nyingi baada ya kuvunwa mafuta yake yanachacha. Nikirudi nyumbani Gungu namkuta mama mkubwa, ambaye ameuza mawese soko la Mwanga tangu sijazaliwa. Madumu ya njano yamepangwa barazani, faneli zimening'inia ukutani, hata pazia la sebuleni lina harufu ya mawese. Katika nyumba hiyo, mafuta ya pekee ambayo hakuna aliyeyajua yalikuwa ya pikipiki yangu.

Mambo yalianza na gia. Nilikuwa napanda Kalinzi, nikataka kushuka kutoka namba tatu kwenda mbili, ikagoma mpaka nilipoikanyaga mara ya pili kwa hasira. Injini ilikuwa na sauti kavu, ya chuma kwa chuma, na joto lilinipiga kwenye goti kama nimekaa karibu na jiko. Nikaegesha chini ya mgomba, nikasubiri ipoe, nikafungua kipimio cha oili. Ncha tu ndiyo ilikuwa na weusi. Juu yake pakavu kabisa, wakati gereji nilikuwa nimetoka haujapita mwezi.

Nikampigia fundi. Yuko Uvinza, atarudi Jumanne. Ilikuwa Ijumaa.

Usiku ule nilisoma sana kwenye simu, na jambo lililonishtua ni jinsi oili ya pikipiki inavyotumikishwa. Kwenye gari, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Kwenye pikipiki nyingi za aina yetu, oili ni moja na kazi ni zote: inalainisha pistoni, inalainisha gia, inapunguza joto kwa sababu hakuna rejeta, na klachi yenyewe inaogelea humo humo. Ikipungua, kila mmoja anaanza kulalamika kwa sauti yake. Ile gia iliyonigomea Kalinzi haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na kiu.

Nikajua pia ukoo wa injini yangu. Pikipiki ni ya Kichina, ila mpango wa injini ni ule wa Honda CG125 iliyotoka miaka ya 1970. Honda waliibuni wakijua itakwenda kwenye nchi ambako pikipiki inabeba kuliko ilivyoandikiwa na matunzo yanakuja kwa kuchelewa, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fito, hazitegemei ile cheni ndefu inayopanda mpaka juu. Ni injini iliyozaliwa na moyo wa kusamehe. Nadhani sisi tuliisikia sifa hiyo tukaigeuza ruhusa.

Jumamosi nikaenda Mwanga kununua oili. Muuzaji aliniuliza, "Ya gari au ya pikipiki? Ni ileile tu, dada, bei ndiyo tofauti." Siyo ileile. Oili nyingi za magari madogo siku hizi zinatiwa dawa ya kuongeza utelezi ili gari lile mafuta kidogo. Utelezi huo ukifika kwenye klachi ya pikipiki, sahani zinashindwa kushikana: unapiga resi, injini inalia, pikipiki haiendi. Kwa hiyo unageuza chupa, unatafuta maandishi madogo ya JASO MA au MA2, alama ya Wajapani inayosema oili hii inaelewana na klachi inayooga. Nikaipata, 20W-50, lita moja, shilingi 12,000. Nikakagua na ringi ya kifuniko kama haijakatwa, maana kuna watu wanaochuja oili chafu na kuirudisha kwenye chupa nzuri.

Hiyo 20W-50 ilinichukua muda kuielewa, mpaka nilipomsikia mama mkubwa akilalamikia mawese yake. Ilikuwa Julai, asubuhi za baridi, na mawese yalikuwa yameganda kwenye dumu kama uji uliolala. Kila siku miezi hiyo analitoa dumu juani saa tatu, na wateja wanangoja. Basi oili nayo ni hivyo: namba ya kwanza, ile yenye W, inasema itakuwa nzito kiasi gani injini ikiwa ya baridi, na W yenyewe ni ya neno la Kizungu la majira ya baridi. Namba ya pili inasema itabaki na uzito gani ikishachemka mpaka nyuzi joto 100. Mama mkubwa nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Sasa hilo ndilo umesomea?"

Jumapili, baada ya kanisa, nikatandika gunia uani. Nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, sehemu tambarare, nikavaa dera la zamani na kilemba. Spana niliyokuwa nayo ni ya 17, kwa sababu kila niliyemuuliza alisema 17. Nikaingiza mkono chini ya injini, nikapapasa, nikagundua spana inazunguka hewani. Kwenye yangu bolti ya kumwagia oili ni kifuniko kipana, na kichwa chake ni cha 24. Nikaanza siku kwa kwenda kuazima. Kijana wa bodaboda wa nyumba ya tatu alinipa spana yake kwa sharti kwamba atakuja kuangalia. Alikuja na kiti chake. Nilitamani nimwambie akae kivulini.

Nilipoishika bolti tu, mama mkubwa akanyanyua kichwa kutoka kwenye ungo wa dagaa.

"Unayamwaga ya baridi hivyo?"

"Oili hiyo, mama. Siyo mawese."

"Ni mafuta, siyo mafuta?"

"Ni mafuta."

"Basi yakiwa ya baridi nusu yatabaki humo ndani yameshikana na uchafu. Yapashe kwanza."

Kijana wa bodaboda akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu ndivyo mafundi wenyewe wanavyotakiwa kufanya: injini inaungurumishwa dakika tatu mpaka tano, oili inapata wepesi, na taka zilizolala chini zinainuka na kutoka nayo. Siyo mpaka ichemke, maana utaungua. Uvuguvugu tu. Nikapiga kiki, nikaiacha iungurume, nikazima. Mama mkubwa alikuwa amesharudi kwenye dagaa wake.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikukisoma popote. Ukilala chali chini ya pikipiki ukaitazama bolti kutoka chini, akili ya kulia na kushoto inakuruka. Nilivuta spana kwa nguvu zangu zote, miguu imekanyaga ukuta, kumbe nakaza. Kijana alinyamaza kwa muda ambao sitamsamehe, kisha akasema polepole, "Dada, jifanye unafungua kizibo cha chupa, ila chupa imekupa makalio." Nikafikiria. Nikageuza upande wa pili. Ikatoa mlio mfupi, kama kidole kinapovunjwa, ikalegea.

Nilidhani itatoka kwa adabu. Mizunguko miwili ya mwisho bolti iliniponyoka, springi ikaruka, wavu ukafuata, na vyote vitatu vikatumbukia kwenye beseni huku oili ikinimwagikia kwenye kiganja mpaka kiwiko. Ilikuwa ya vuguvugu na nyepesi kuliko nilivyotegemea, nyeusi ti, na ina harufu ya kuungua ambayo haikutoka kwenye kucha mpaka Jumatano. Mawese yakimwagika mkononi yanakaa, unaweza kuyapangusa ukayarudisha. Hii ilikimbia. Nikaingiza vidole kwenye beseni kutafuta springi kama mtu anayetafuta pete ziwani.

Ule wavu ndio ulionifanya nikae chini kweli. Pikipiki yangu haina filta ya karatasi, ina kichujio cha waya laini, upana wake kama sarafu kubwa, kazi yake kuzuia taka zisinyonywe na pampu. Nusu yake ilikuwa imezibwa na vipande vya silikoni nyekundu, ile ambayo mafundi hupaka wakiona uvivu wa kuweka gaskiti mpya. Kulikuwa na nyuzi mbili za tambara. Kulikuwa na ukoko mweusi uliogandamana, ambao kwa macho yangu haukuwa wa mwezi mmoja. Nilipouinua juani, upande mmoja mwanga haukupita kabisa. Ilikuwa haiwezekani kumwaga oili yangu bila kukifungua kifuniko hiki. Kwa hiyo mtu alikuwa anakifungua, anauona wavu, anaurudisha.

Nikapima na oili yenyewe. Baada ya kuiacha idondoke mpaka tone la mwisho, kama robo saa, nikaimimina kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita. Ikajaa, ikabaki kama vikombe viwili vidogo vya kahawa. Tuseme mililita 600. Ubavuni mwa injini pameandikwa lita moja.

Hapa nataka nitende haki. Huenda injini yangu inakula oili. Pistoni zikichoka, sehemu ya oili inaungua na kutokea kwenye sailensa, na hiyo siyo dhambi ya fundi. Huenda aliweka lita kamili. Lakini silikoni ile haikuingia yenyewe, na chupa niliyoonyeshwa kila mara ilikuwa tupu bila mimi kujua yaliyokuwemo yamekwenda wapi. Lita inayobaki nusu kwangu inajaza nusu kwa mwingine. Sina ushahidi, na fundi mwenyewe simtaji. Ninachojua ni kwamba aliyekaa kivulini ni mimi, na hakuna aliyenifunga kamba.

Wavu niliuosha kwa petroli kidogo na mswaki wa zamani, mbali na jiko la mama mkubwa. Kijana wa bodaboda alipochoka kutazama akaanza kuhadithia Liemba, kama ambavyo mtu wa Kigoma ataihadithia Liemba hata msibani. Lakini siku hiyo ilinoga. Meli ile Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, reli ikaifikisha hapa, ikaingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 vita ilipowaelemea waliizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene, kama mtu anayemfunika mtoto kabla ya kumwacha. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, injini ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. "Sasa wewe," kijana akamalizia, akinionyesha wavu kwa kidevu, "yako haijazama na imefika hapo."

Kurudishia ni kazi ya dakika tano na wasiwasi wa saa nzima. Wavu kwanza, springi nyuma yake, kifuniko mwisho. Bolti ni chuma lakini tumbo la injini ni aluminiamu, na aluminiamu ikishaliwa nyuzi zake umeingia gharama ya kwenda kutengenezewa tundu upya. Kwa hiyo unaanza kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, imekaa upogo, itoe uanze tena. Usiilazimishe kwa spana hata kama jua linakuchoma. Ikifika mwisho ndipo unaikaza kwa spana, ishike, uongeze kidogo, uache. Mikono yangu ilitaka kuendelea. Nadhani bolti nyingi zinaharibiwa na watu wenye hofu kama mimi, siyo wenye nguvu.

Washa ya shaba, ile pete ya kuziba chini ya kichwa cha bolti, niliirudisha ileile ya zamani. Mtaona.

Kumimina kulizua ugomvi mdogo. Nilinyoosha mkono ukutani nichukue faneli, mama mkubwa akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa darasa la tatu, "Hiyo ni ya chakula." Nikakata chupa ya maji ya kunywa shingoni, nikaigeuza, ikafanya kazi vizuri tu. Oili mpya ina rangi ya asali iliyochujwa. Niliitazama ikishuka na nikajikuta natabasamu kama mjinga. Nikaweka kama mililita 900 kwanza. Nikapima, na hapa pia kuna mtego: kwenye injini ya ukoo huu kipimio hakifungwi wakati wa kupima, kinachomekwa tu mpaka kikae, ndipo unakitoa kusoma. Ukikizungusha mpaka mwisho kinazama zaidi, kinakudanganya kwamba oili ipo. Nikawasha dakika mbili, nikazima, nikasubiri oili ishuke, nikapima tena, nikaongeza kidogo kidogo mpaka ikawa chini kidogo ya alama ya juu. Kuzidisha nako si wema. Oili ikijaa mno inapigwa povu na mashine, inatafuta pa kutokea, na mara nyingi inatokea kwenye sili.

Nikapiga kiki. Sauti ilikuwa ya chini, ya mviringo. Nikaiingiza gia, ikaingia bila kuombwa. Kijana akachukua spana yake, akachukua kiti chake, akaenda bila kusema kitu, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Likabaki beseni. Gereji nyingi nilizopita ardhi yake ni nyeusi na inang'aa, huhitaji kuuliza oili chafu inakwenda wapi. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, na mteremko wote unaishia ziwani. Mvua ya kwanza ya Novemba inabeba kila kitu: maganda, mifuko, na ule mng'ao wa rangi za upinde unaoelea mtaroni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakina haraka ya kuondoka. Na dagaa waliokuwa kwenye ungo wa mama mkubwa walitoka humo humo.

Kwa hiyo nikaomba dumu. Akanipa la lita tano, moja ya madumu yake mabovu yenye ufa mdogo shingoni, kisha akafanya jambo ambalo nilidhani ni utani. Alichukua kisu cha moto akalikata mkono wake wa kushikia, akachora kwa mkaa pande zote mbili: SI MAWESE. Akaeleza kwamba dumu likishaingia oili halirudi tena kwenye chakula, hata ulioshe kwa sabuni ya magadi siku saba. Na dumu la njano barabarani halina jina. Akiliokota mtu mwenye njaa ya pesa, wiki ijayo liko sokoni na mtu anakaangia maharage. Tangu siku hiyo siwezi kuliona dumu lenye mkono mzima bila kuliuliza moyoni lilikotoka.

Oili yenyewe nilimpa seremala jirani anayepaka nguzo za mabanda kuzuia mchwa, na wajenzi nao huiomba wapake mbao za kumwagia zege zisishikane. Najua nguzo nayo inakaa ardhini. Ni bora kuliko mtaroni, sina jibu jingine kwa sasa.

Jioni nikaweka kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi kulikuwa na tone moja la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, limekaa katikati kabisa, kama mtu amelipimia. Ile washa. Washa ya shaba hubonyea ikikazwa mara ya kwanza, na ikishabonyea haizibi vizuri tena. Mpya ilikuwa inauzwa shilingi 500 na niliiacha dukani kwa ubahili. Nikainunua, nikaazima tena spana, nikachinja chupa nyingine ya maji, nikamwaga oili safi kwenye beseni safi, nikabadilisha washa, nikairudisha oili ileile. Usiku wa pili boksi likawa kavu. Usiku wa tatu kavu. Wa nne sikulikuta. Mama mkubwa alikuwa amewashia jiko.